Mnyoo, Nyungunyungu na Ruba: Uainishaji wa Anelidi na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uainishaji wa anelidi, yaani faila ya wanyama inayojumuisha nyungunyungu, ruba na jamaa zao wa baharini, na kueleza sifa zinazowapambanua na viumbe wengine ambao Kiswahili huwaita kwa jina moja la mnyoo. Mfano wa kuanzia ni mazingira ya Muheto na maeneo ya jirani ya Masisi na Walikale. Hoja inayotetewa ni kwamba jina linaloeleza umbo la nje, mathalani "minyoo wenye pingili", halitoshi kuwa istilahi ya kundi hili: wapo wenye pingili wasiokuwamo, na wapo wasio na pingili waliomo.

1.0 Utangulizi

Muheto ni kijiji cha vilima vya Masisi, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa upande wa magharibi vilima hivyo hushuka kuelekea misitu ya Walikale. Mito mingi ya huko humimina maji yake katika mto Lowa, nao Lowa huingia Lualaba. Wakazi wengi wa eneo hili ni wakulima na wafugaji. Kinyarwanda na Kihunde ndizo lugha za nyumbani kwa walio wengi, Kinyanga husemwa upande wa Walikale, Kiswahili ni lugha ya soko na ya mahusiano baina ya jamii, na Kifaransa hushika nafasi kubwa kadiri mwanafunzi anavyopanda madarasa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya nchi ya mwaka 2006.

Katika mazingira kama hayo mtoto huweza kukutana na mnyoo mahali patatu. Shambani, jembe linapogeuza udongo, hutokea mnyoo mwekundu anayejipinda. Bondeni, kwenye kinamasi au mahali ng'ombe wanaponyweshwa, pengine mnyoo mweusi hunata mguuni. Katika kituo cha afya, muuguzi humpa dawa ya minyoo. Viumbe hao watatu hubeba jina moja, ilhali wa kwanza anastahili kutunzwa, wa pili huondolewa kwa mkono, na wa tatu hutibiwa kwa dawa na kuzuiwa kwa matumizi ya choo. Iwapo mwalimu, bwana shamba na muuguzi wanatumia neno moja bila kulifafanua, msikilizaji hana njia ya kujua kwamba wanazungumzia wanyama ambao kinasaba wako mbali kuliko alivyo mbali samaki na ng'ombe.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, kueleza jinsi wanasayansi walivyofikia kuwatenga anelidi na minyoo wengine. Pili, kubainisha sifa za kundi hili na migawanyo yake. Tatu, kutoa pendekezo kuhusu istilahi inayofaa kutumika katika ufundishaji kwa Kiswahili.

2.0 Neno "mnyoo" na upana wake

Katika matumizi ya kawaida, neno mnyoo hutaja mnyama yeyote mwembamba, mrefu, laini na asiye na miguu. Chini ya neno hilo huwekwa nyungunyungu wa ardhini, ruba (au mruba) anyonyaye damu, chango wa tumboni, tegu, na minyoo wadogo wasababishao safura. Mara nyingine hata mabuu ya wadudu huingizwa humo. Kiswahili, kama inavyoonekana, hakikosi majina mahususi. Tatizo ni kwamba jina la jumla hufunika yale mahususi, hasa mbali na pwani, ambako maneno kama nyungunyungu na chango hayasikiki sana katika mazungumzo ya kila siku.

Ni jambo la kuzingatia kwamba Kinyarwanda, lugha inayozungumzwa na wakazi wengi wa Muheto, hugawa viumbe hao kwa namna nyingine. Nyungunyungu huitwa umunyorogoto, ruba huitwa umusundwe, na minyoo wa tumboni huitwa inzoka, neno lilelile la nyoka. Kwa hiyo mtoto anayeanza shule akiwa na Kinyarwanda tayari ana makundi matatu kichwani mwake. Anapofundishwa kwa Kiswahili chenye neno moja tu la mnyoo, makundi hayo huunganishwa. Kifaransa nacho hakimsaidii sana, kwa kuwa neno lake la jumla la mnyoo hutumika kwa nyungunyungu na kwa tegu pia. Hapa lugha ya elimu haimwongezei mwanafunzi ujuzi, bali inampunguzia.

Mkanganyiko huu una sababu inayoeleweka. Chango, yaani Ascaris lumbricoides, ni mnyoo mrefu, mviringo, wa rangi ya waridi iliyopauka. Jike lake huweza kufikia sentimita 20 hadi 35. Mayai yake hutoka na kinyesi cha binadamu, hukomaa udongoni kwa majuma kadhaa, kisha humezwa pamoja na chakula au kwa mikono michafu. Kwa hiyo udongo kweli ni njia ya maambukizi. Mtu anayemwona mnyoo wa rangi hiyo udongoni, na mwingine anayefanana naye katika choo cha mtoto, ana haki ya kudhani kwamba wa kwanza ndiye aliyegeuka kuwa wa pili. Lakini dhana hiyo humfanya amwogope nyungunyungu, asiye na hatia, na kulisahau yai lisiloonekana kwa macho, ambalo ndilo lenye madhara.

3.0 Historia fupi ya uainishaji

Wataalamu wa Ulaya nao waliwahi kufungwa na upana wa neno kama huu. Carl Linnaeus, katika toleo la kumi la Systema Naturae la mwaka 1758, aliwakusanya takribani wanyama wote wasio na uti wa mgongo, isipokuwa wadudu na jamaa zao, katika ngeli moja aliyoiita Vermes, yaani minyoo. Ndani ya ngeli hiyo aliunda oda ya Intestina, na humo akamweka nyungunyungu pamoja na chango na ruba. Aliwaweka humo pia Teredo, mnyama anayetoboa mbao za vyombo vya baharini, ambaye leo hujulikana kuwa jamaa wa chaza, na Myxine, ambaye ana fuvu la kichwa na ni jamaa wa samaki. Wakati huohuo, minyoo wa baharini wenye manyoya ubavuni, ambao ni ndugu wa kweli wa nyungunyungu, aliwaweka katika oda nyingine pamoja na pweza, konokono wasio na gamba na viumbe wa jamii ya kiti cha pweza.

Athari ya mtazamo huo haijatoweka. Jina la kisayansi la chango, lumbricoides, maana yake ni "afananaye na nyungunyungu". Hivyo mkanganyiko tulioueleza hapo juu umo ndani ya jina lenyewe la Kilatini, na umedumu humo tangu 1758.

Mwanzoni mwa karne ya 19, wanazuolojia wa Ufaransa waliacha kutazama urefu na ulaini wa mwili na kuanza kuchunguza muundo wa ndani. Georges Cuvier alitambua kundi la minyoo wenye damu nyekundu. Mwaka 1802 Jean-Baptiste Lamarck alilipa kundi hilo jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya pete ndogo, na ndilo lililozaa jina la faila, Annelida. Baadaye, mwaka 1817, Cuvier aliwaunganisha anelidi na wadudu, kaa, tandu na jongoo katika tawi moja kubwa, kwa hoja kwamba wote wana mwili uliogawanyika pingilipingili. Uunganishaji huo ulikubalika kwa muda mrefu, na ulifundishwa vyuoni karibu hadi mwisho wa karne ya 20. Tutauona ukivunjwa katika sehemu ya 6.0.

4.0 Sifa bainifu za anelidi

4.1 Pingili

Neno pingili ni tunu ambayo Kiswahili kimeitoa shambani na kuipa sayansi. Pingili ya muwa ni ile sehemu iliyo baina ya fundo na fundo. Ukiupasua muwa kwa urefu, utaona kwamba fundo si alama ya ganda tu: kitu hupita ndani kikatenga sehemu moja na nyingine. Hali ndiyo hiyo katika mwili wa nyungunyungu. Mikunjo inayoonekana nje inalingana na kuta nyembamba zilizo ndani, na baina ya ukuta na ukuta mna chumba chenye majimaji. Katika karibu kila chumba hurudiwa viungo vilevile: jozi ya mirija ya kutolea taka, kifundo cha neva, matawi ya mishipa ya damu, na misuli.

Ruba ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Ngozi yake ina mikunjo mingi sana, lakini mikunjo hiyo si pingili. Pingili moja ya kweli huweza kubeba mikunjo miwili hadi zaidi ya kumi. Ni kama muwa ambao mtu ameuchora mistari kwa kisu juu ya ganda: anayehesabu mistari atapotea, anayepasua na kuhesabu mafundo atapata jibu. Idadi ya pingili za kweli za ruba haibadiliki katika maisha yake yote. Vitabu vingi husema ni 34, na vingine 32, tofauti ikitokana na namna ya kuhesabu sehemu za kichwani.

4.2 Uwazi wa mwili na mwendo

Chumba kilichotajwa ni sehemu ya uwazi wa mwili ambao wanabiolojia huuita selomu. Majimaji yake hayabanwi yakapungua, na kwa hiyo hufanya kazi ya mifupa. Anelidi wana misuli ya aina mbili: ya mviringo, inayouzunguka mwili, na ya urefu. Ile ya mviringo inapokaza, sehemu hiyo ya mwili hurefuka na kuwa nyembamba. Ile ya urefu inapokaza, hufupika na kunenepa. Kwa kuwa kila chumba kina ukuta wake, nyungunyungu huweza kurefusha sehemu moja huku akinenepesha nyingine, na ndivyo anavyojipenyeza udongoni. Chango hawezi kufanya hivyo. Yeye ana misuli ya urefu tu, na mwendo wake ni wa kujipinda huku na huku.

4.3 Vinywele vigumu

Anelidi wengi wana vinywele vya kitini, kitu kigumu kinachopatikana pia katika maganda ya wadudu. Nyungunyungu akipitishwa taratibu juu ya karatasi kavu husikika akikwaruza. Hiyo ndiyo sauti ya vinywele vyake. Ndivyo anavyojishikiza ndani ya tundu lake, na ndiyo sababu ndege hupata taabu kumng'oa. Ruba, isipokuwa jamii chache za nchi za baridi, wamevipoteza vinywele hivyo, na badala yake wana vinyonyeo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma.

4.4 Damu, neva na njia ya chakula

Damu ya anelidi wengi huzunguka ndani ya mishipa iliyofungwa. Wekundu wa damu ya nyungunyungu hutokana na hemoglobini, ambayo kwake imeyeyuka katika majimaji ya damu, haimo ndani ya chembe kama ilivyo kwa binadamu. Uzi mkuu wa neva hupita upande wa tumbo, si wa mgongo. Njia ya chakula imenyooka kutoka kinywani hadi mkunduni. Sifa hii ya mwisho inamtenga mara moja na tegu, ambaye hana kinywa wala utumbo, bali hufyonza chakula kwa ngozi.

5.0 Makundi matatu ya kimapokeo

Kwa muda mrefu faila ya anelidi, yenye spishi takribani 20,000 zinazojulikana, imegawanywa katika ngeli tatu.

5.1 Polikaeta, yaani "wenye vinywele vingi". Hawa ndio wengi zaidi, na karibu wote huishi baharini. Kila pingili ina jozi ya vijiguu vya ubavuni vilivyojaa vinywele. Kwa kawaida dume na jike ni mbalimbali. Mbegu na mayai hukutana majini, na lava wanaozaliwa huogelea kwa vinyweleo vinavyotikisika. Katika pwani ya Afrika Mashariki wanajulikana kwa wavuvi, ambao huwachimba mchangani wakati wa maji kupwa kuwa chambo. Mwanazuolojia Cyril Crossland aliwakusanya Zanzibar na pwani ya Kenya ya leo mwaka 1901 na 1902, na maelezo ya mkusanyiko huo ni miongoni mwa kazi za mwanzo za kisayansi kuhusu polikaeta wa pwani yetu. Msomaji wa Masisi, aliye mbali na bahari, hana budi kuwajua kwa sababu moja: wao ndio shina, na nyungunyungu wa shambani kwake ni tawi.

5.2 Oligokaeta, yaani "wenye vinywele vichache". Hawa ni nyungunyungu na jamaa zao wa maji baridi. Hawana vijiguu, wengi wana vinywele vinane tu kwa kila pingili. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Wakati wa kuzaa huonekana mshipi mnene uliouzunguka mwili, uitwao klitelo, ambao hutoa ute unaofanyika kifuko cha mayai. Lava wa kuogelea hayupo. Mtoto hutoka katika kifuko akiwa na umbo la mzazi.

Afrika ina familia yake yenyewe ya nyungunyungu, Eudrilidae, ambayo asili yake ni kusini mwa Sahara. Mmoja wao, Eudrilus eugeniae, ametoka Afrika ya Magharibi na kuenea katika nchi nyingi za joto, ambako hufugwa ili kuozesha takataka kuwa mbolea. Kwa upande mwingine, Pontoscolex corethrurus, aliyetoka Amerika ya Kusini, amesambaa katika mashamba ya nchi za joto duniani kote, Afrika ikiwamo. Kwa hiyo nyungunyungu anayechimbuliwa na jembe si lazima awe mwenyeji.

Mfano wa ajabu zaidi unatoka katika vinamasi vya mafunjo vya Uganda. Humo anaishi Alma emini, ambaye tope lake halina oksijeni ya kutosha. L. C. Beadle, aliyekuwa profesa wa zuolojia Makerere, alieleza mwaka 1957 jinsi mnyama huyo anavyotoa mkia wake juu ya tope na kuukunja kingo zake hadi ukawa mfereji wenye mishipa mingi ya damu. Mfereji huo hufanya kazi ya pafu, na mnyama anaporudi chini huufunga na kushuka na hewa ndani yake. Eneo la Masisi nalo lina vinamasi, hasa kandokando ya maziwa ya Mokoto katika Bashali. Wanafunzi wa biolojia wa huko wana uwanja mzuri wa utafiti karibu na nyumbani.

Kuhusu kazi ya nyungunyungu, ushahidi mashuhuri bado ni wa Charles Darwin. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 alikadiria kwamba, katika sehemu nyingi za Uingereza, zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita katika miili yao kwa kila ekari kila mwaka. Kiasi hicho hakiwezi kuhamishiwa Masisi bila kupimwa upya, lakini kanuni yake haibadiliki. Matundu ya nyungunyungu huruhusu maji ya mvua kuzama badala ya kutiririka. Kwa mkulima wa mteremko mkali, ambaye adui yake mkubwa ni mmomonyoko, mnyama huyu ni kibarua asiyedai ujira.

5.3 Hirudinea, yaani ruba. Wana klitelo kama oligokaeta, na kama wao kila mmoja ni dume na jike. Uwazi wa mwili wao umejazwa tishu, na kuta za ndani zimepotea kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana mwendo wao ni wa kushika kwa kinyonyeo cha mbele na kuvuta cha nyuma. Si wote wanyonyao damu: wengine humeza konokono, mabuu na nyungunyungu. Miongoni mwa wanyonyao damu barani Afrika yumo Placobdelloides jaegerskioeldi, ambaye huishi katika utumbo wa mwisho wa kiboko.

Mate ya ruba yana kemikali inayozuia damu isigande, jambo lililogunduliwa na John Haycraft mwaka 1884. Ndiyo sababu jeraha lake huendelea kutoka damu hata akishaondolewa. Mwaka 2004 mamlaka za Marekani ziliidhinisha ruba wa tiba kutumika hospitalini, hasa kuondoa damu iliyotuama katika kiungo kilichounganishwa upya.

6.0 Uainishaji mpya

Uchunguzi wa vinasaba ulioanza kushika kasi katika miaka ya 1990 umebadilisha picha hii kwa namna tatu.

Kwanza, undugu kati ya anelidi na jongoo, tandu na wadudu umekataliwa. Mwaka 1997 ilipendekezwa, kwa ushahidi wa vinasaba, kwamba wanyama wanaojivua ngozi ni kundi moja. Kundi hilo lina wadudu, jongoo na kaa, na pia chango na jamaa zake. Anelidi hawajivui namna hiyo. Wao wako katika tawi jingine, pamoja na konokono, chaza na pweza, ambao baadhi yao wana lava wa namna moja na wa polikaeta. Kwa maneno mengine, nyungunyungu ni jamaa wa konokono kuliko wa jongoo, na chango ni jamaa wa jongoo kuliko wa nyungunyungu. Pingili zilizomshawishi Cuvier hazikuwa ushahidi wa undugu wa karibu aliodhani.

Pili, mipaka ya ngeli tatu za kimapokeo imevunjika. Ruba wamechipuka ndani ya oligokaeta, na oligokaeta wamechipuka ndani ya polikaeta. Kwa sasa nyungunyungu na ruba huwekwa pamoja katika kundi la Klitelata, kwa ajili ya ule mshipi wa uzazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 uliwagawa anelidi walio wengi katika matawi mawili: Erantia, ambao hutembea na kuwinda, na Sedentaria, ambao hukaa ndani ya matundu au mirija. Klitelata wameangukia upande wa Sedentaria. Orodha nyingi bado hutumia jina polikaeta kwa urahisi wa kazi, lakini si jina la ukoo uliokamilika.

Tatu, wanyama waliokuwa na faila zao wenyewe wameingizwa humu. Miongoni mwao ni sipunkula na ekiura, minyoo wa baharini ambao miili yao mikubwa haina pingili kabisa. Uchunguzi wa lava wa ekiura umeonyesha vifundo vya neva vinavyojirudia, dalili kwamba pingili zilikuwapo kwa wahenga wao zikapotea.

7.0 Jinsi ya kuwapambanua

Kwa matumizi ya darasani, maswali yafuatayo yanatosha kuwatenga viumbe wanaokutwa mara nyingi.

(i) Je, ana miguu yenye viungo na ganda gumu? Kama anayo, ni jongoo, tandu au jamaa zao.

(ii) Je, ni mviringo, laini, asiye na mikunjo ya kweli wala vinywele, na anapatikana ndani ya mwili wa mwenyeji? Yamkini ni chango au jamaa yake.

(iii) Je, ni bapa kama utepe, mwenye vipande vingi, na hana kinywa? Ni tegu. Vipande vyake navyo huitwa pingili, lakini huzaliwa shingoni, na vile vya mkiani ndivyo vizee. Kwa anelidi wengi mambo ni kinyume: pingili mpya huongezwa karibu na mkia.

(iv) Je, ana mikunjo mwilini, vinywele vinavyokwaruza, na hana vinyonyeo? Ni nyungunyungu.

(v) Je, ana vinyonyeo viwili na mikunjo mingi iliyosongamana? Ni ruba.

Utenganishaji huu una matokeo katika tiba. Albendazoli na mebendazoli hutumika dhidi ya chango na minyoo wa safura. Tegu na minyoo wa kichocho, ambao ni minyoo bapa, hutibiwa kwa prazikwanteli. Anayesema tu "nimepewa dawa ya minyoo" hajasema alichotibiwa. Katika eneo ambalo vita vya tangu 1993 vimewahamisha watu mara nyingi na kuwarundika kambini, ambako vyoo havitoshi, usahihi wa neno moja la muuguzi si anasa ya wanaisimu.

8.0 Suala la istilahi

Wanaisimu wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulielewa tatizo hili, kwa kuwa wao pia huainisha, na neno wanalotumia ni lilelile: ngeli. Uainishaji wa nomino uliotokana na kazi ya W. H. I. Bleek ya mwaka 1862, ukaendelezwa na Carl Meinhof, ulitazama viambishi awali. Kwa kigezo hicho mnyoo/minyoo ni nomino ya M-/MI-, sawa na mti/miti. Lakini tazama mifano ifuatayo:

(1) Mnyoo huyu ameingia udongoni.
(2) *Mnyoo huu umeingia udongoni.
(3) Minyoo hawa wameingia udongoni.

Sentensi ya pili haikubaliki katika Kiswahili sanifu, ingawa ndiyo ambayo kiambishi kingetufanya tuitarajie. Kigezo cha upatanisho wa kisarufi humweka mnyoo katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtu, kiboko na nyungunyungu, ambao viambishi vyao havifanani hata kidogo. Hata hivyo umbo halikuacha kuvuta: wengi husema "minyoo ya tumbo" badala ya "minyoo wa tumbo". Kiambishi ni ganda la nje. Upatanisho ni mahusiano ya ndani. Wanabiolojia walipotoka kwenye urefu na ulaini wa mwili wakaenda kwenye muundo wa ndani, kisha kwenye vinasaba, walipita njia inayofanana na hiyo.

Swali sasa ni jina gani litumike kwa faila hii. Njia rahisi ni kutafsiri kwa maelezo: "minyoo wenye pingili" au "minyoo wa pete". Jina la namna hiyo lina faida ya kueleweka mara moja, na katika darasa la chini linaweza kuwa ngazi ya kupandia. Lakini kama istilahi lina kasoro tatu. Linamwingiza tegu, ambaye ana pingili na si wa ukoo huu. Linawatoa sipunkula na ekiura, ambao hawana pingili na ni wa ukoo huu. Na linaendelea kumfunga nyungunyungu kwa chango kwa kamba ya neno mnyoo, kamba ambayo sayansi imekwisha kuikata.

Juhudi za kusanifu istilahi za sayansi zina historia ndefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa kuendeleza moyo huo, tunapendekeza yafuatayo. Neno anelidi litumike kwa faila nzima. Ni neno geni kwa asili, lakini ugeni huo ndio sifa yake, kwa kuwa halidai chochote kuhusu umbo. Nyungunyungu na ruba yabaki kuwa majina ya makundi hayo mawili, na yafundishwe hata mbali na pwani, yakiambatanishwa na majina ya lugha za nyumbani: huko Muheto, umunyorogoto na umusundwe. Neno pingili libaki kuwa jina la sifa, si la ukoo. Nalo neno mnyoo liachwe katika lugha ya kawaida, lakini lisitumike peke yake katika kitabu cha kiada wala katika ushauri wa afya. Daima lifuatwe na jina mahususi.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba anelidi hutambulikana kwa mkusanyiko wa sifa: pingili zenye kuta za ndani, uwazi wa mwili wenye majimaji, misuli ya aina mbili, vinywele vya kitini, damu iliyofungwa mishipani na neva ya upande wa tumbo. Hakuna hata moja kati ya sifa hizo inayotosha peke yake, na karibu kila moja imepotea kwa baadhi ya wanakundi. Kinachowaunganisha ni nasaba. Uainishaji wa ngeli tatu unafaa kuendelea kufundishwa kama hatua ya kihistoria, mradi mwanafunzi ajue kwamba ruba na nyungunyungu ni matawi ndani ya polikaeta.

Kwa upande wa lugha, kazi iliyobaki ni kukusanya majina ya wanyama hawa katika Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na lugha nyingine za mashariki ya Kongo kabla neno moja la jumla halijayafunika. Lugha hizo zimetenga kwa karne nyingi viumbe ambavyo vitabu vilivichanganya. Mwalimu anayeanza na majina hayo, kisha akafika kwenye neno anelidi, atakuwa amemwongoza mwanafunzi kutoka anachokijua hadi asichokijua. Na mkulima atakayemsikiliza mwanafunzi huyo atajua yupi wa kumwachia udongo wake na yupi wa kumchimbia choo.